Mlango wa Uingereza Uko Croydon

Muulize Mkongomani wa Tottenham, Mbajuni wa Glasgow au Mrundi wa Manchester ni jengo gani la Uingereza asiloweza kulisahau, na huenda asitaje mnara wa saa wa Bunge wala kasri la mfalme. Atataja Lunar House. Si jengo la kusimama mbele yake upigwe picha ya kutuma nyumbani. Ni ghorofa 20 za zege na vioo, zilizokamilika mwaka 1970, kando ya barabara pana iitwayo Wellesley Road mjini Croydon, kusini mwa London. Humo ndimo Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilimoweka idara yake ya uhamiaji na uraia, na kwa miongo mingi humo ndimo yalimoamuliwa mambo mazito ya watu wa mbali: nani akae, nani aondoke, nani aruhusiwe kumleta mke na watoto, nani aendelee kusubiri.

Tumeandika sana juu ya viza, ukimbizi na maisha ya ughaibuni. Juu ya jengo lenyewe tumeandika kidogo mno, kana kwamba kuta hazihusiki. Zinahusika. Mtu aliyefika kutoka Uvira au Kisimayu akajikuta amesimama kwenye upepo wa Croydon, mbele ya mnara wenye jina la Mwezi, hakufikishwa pale na vita peke yake. Alifikishwa pia na maamuzi ya madiwani, ya matajiri wa majumba na ya mawaziri, yaliyofanywa wakati wazazi wake walikuwa bado watoto.

Croydon ni mji wa zamani. Maaskofu wakuu wa Canterbury walikuwa na kasri lao huko, na mmoja wao, John Whitgift, alianzisha mwaka 1596 makao ya wazee maskini yaliyokamilika miaka mitatu baadaye. Makao hayo yangalipo, matofali mekundu yaliyozunguka ua mdogo, kwenye kona ya mitaa ya North End na George Street, maduka yakiyabana kila upande. Mwanzoni mwa karne iliyopita halmashauri ilitaka kuyabomoa ipanue barabara, na ilibidi Bunge liingilie kati. Nayataja kwa sababu mji huu umejaribiwa mara nyingi kuuza ya jana ili ununue ya kesho.

Kisha zikaja ndege. Mwaka 1920 uwanja wa Croydon ulifanywa uwanja rasmi wa forodha wa London, na mwaka 1928 likafunguliwa jengo jipya la abiria lililokuwa fahari ya dunia ya usafiri wa anga. Katika miaka ya kati ya vita vikuu viwili, kusafiri kwa ndege kutoka London kulikuwa ni kuondokea Croydon. Na hapa pana jambo ambalo msomaji wa Kanda ya Ziwa anastahili kulijua: tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka Croydon hadi Mwanza, kupitia Misri na Sudan. Mwaka uliofuata njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town, lakini kwa kipindi hicho kifupi Croydon na Mwanza zilikuwa ncha mbili za njia moja ya anga. Mizigo mikubwa ilikuwa magunia ya barua. Himaya ilitaka barua zake zifike upesi kwa maafisa wake, na ilijenga viwanja, vituo vya mafuta na ratiba kwa ajili hiyo. Kwa Mwafrika wa Mwanza, ndege ile ilikuwa kitu cha kutazama kikitua.

Vita vya pili vilipokwisha, uwanja ule ulikuwa umeshazungukwa na nyumba, na ndege zilikuwa zimekua kuliko njia zake. Heathrow ikachukua nafasi. Croydon ikafungwa Septemba 1959. Mji uliokuwa lango la London ukabaki na jengo la abiria lisilo na abiria.

Halmashauri haikukaa kulia. Tangu 1956 ilikuwa imejipatia sheria yake maalumu Bungeni, iliyoipa uwezo wa kununua ardhi ya katikati ya mji, kupanua barabara na kuwagawia wajenzi viwanja. Diwani Sir James Marshall alikuwa mmoja wa waliolisukuma jambo hilo kwa nguvu. Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa inahangaika na London iliyofurika makarani. Kila asubuhi treni zilimwaga watu mamia ya maelfu katikati ya jiji, na kila jioni zikawazoa. Mwaka 1963 ikaundwa ofisi maalumu ya kuzishawishi kampuni zihame. Novemba 1964 waziri George Brown akapiga marufuku ujenzi wa ofisi mpya London bila kibali cha pekee. Croydon ilikuwa inangoja. Ilikuwa na ardhi, ilikuwa na treni ya kufika katikati ya London kwa kama robo saa, na ilikuwa na madiwani wenye haraka.

Minara ikaota. Kampuni ya Nestlé iliingia katikati ya miaka ya 1960 katika jengo la ghorofa 24. Halmashauri yenyewe ikajijengea Taberner House, ikahamia 1967. Shule ya zamani ya Whitgift iliyokuwa katikati ya mji ikabomolewa, na mahali pake pakainuka mtaa mzima wa maduka na ofisi uitwao Whitgift Centre. Mwaka 1970 msanifu Richard Seifert akakamilisha mnara wa pembe nane, ghorofa 24, sakafu zake zimepishana hivi kwamba wenyeji wakauona kama rundo la sarafu na kuubatiza jina la peni hamsini. Ule mnara ni mzuri. Nalisema hili bila kusita, kwa sababu watu wengi wakisikia zege la miaka ya 1960 hufikiria ubaya tu. Jua la jioni likiupiga, kila sakafu hutoa kivuli chake juu ya ile ya chini, na jengo zima huonekana kama linazunguka.

Lunar House haina uzuri wa namna hiyo. Ilijengwa pamoja na mwenzake, Apollo House, na tajiri wa majumba Harry Hyams, na majina yote mawili yalitokana na safari ya Mwezini ya Julai 1969. Hyams alikuwa mtu wa kujificha, asiyependa wapiga picha wala mahojiano. Katikati ya London alikuwa ameshamaliza Centre Point, mnara uliokaa mtupu kwa miaka mingi. Alitaka mpangaji mmoja wa kuuchukua wote, hakumpata, akasubiri. Na katika kusubiri kwake hakupoteza, kwa kuwa marufuku ya ujenzi ilifanya kila mita ya ofisi iliyokwisha kujengwa kupanda thamani. Januari 1974 waandamanaji waliingia Centre Point wakauteka mwishoni mwa juma moja kuonyesha hasira yao: watu hawana makazi, na mnara mzima umelala giza. Huko Croydon, Hyams hakuhitaji kusubiri hivyo. Hakuna mpangaji bora kuliko serikali. Haifilisiki, haihami kwa pupa, na hulipa pango lake kwa wakati.

Jengo lisilo na daka

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, inafaa kujua mnara wa ofisi wa enzi hizo ulivyofanya kazi. Uti wake ni shimo la zege lililopanda kutoka msingi hadi paa, lenye lifti, ngazi, vyoo na mabomba. Kulizunguka shimo hilo hupangwa nguzo, na juu ya nguzo hulazwa sakafu. Uzito wote hubebwa na nguzo na uti, kwa hiyo ukuta wa nje hauna kazi ya kubeba chochote. Ni ngozi tu, vipande vya kioo na zege vilivyotundikwa. Upana wa sakafu hupimwa kwa mwanga: karani wa katikati asiwe mbali mno na dirisha. Sakafu ya tatu hufanana na ya kumi na tatu, na ya kumi na tatu na ya kumi na tisa. Hakuna ukumbi mkubwa, hakuna chumba cha pekee.

Sababu ni kwamba mjenzi hakujua nani angepanga. Inaweza kuwa kampuni ya bima, inaweza kuwa ya mafuta. Akajenga jengo linalomfaa kila karani na lisilomlenga yeyote. Mahakama hujengwa ikijua kwamba watakuja mashahidi, washtakiwa na ndugu zao. Stesheni hujua kwamba watakuja abiria wenye mizigo. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hukaa na kupokewa kabla haijaamuliwa kama ataingia ndani. Mnara wa kupangisha hauna daka. Umejengwa kwa ajili ya wanaofanya kazi juu, na mlango wake wa chini ni wa wenye kitambulisho.

Katika jengo la aina hiyo Uingereza ikauweka mlango wake mkubwa kuliko yote. Hapo ndipo ninapoiona shida, zaidi ya rangi ya zege au urefu wa mnara. Nchi ilichukua shughuli inayogusa roho za watu, ikaipangishia nafasi iliyochorwa kwa ajili ya makarani wa mtu asiyejulikana.

Na wakati wenyewe ulikuwa wakati wa kufunga. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka Nairobi kwa wingi, na Bunge la London likapitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia wasio na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Watu wakawa na pasipoti ya nchi isiyowaruhusu kuingia. Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyoanza kutumika Januari 1973, ikaukaza mfumo mzima. Kabla hiyo ya pili haijaanza kutumika, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na Uingereza ikawapokea wapatao 28,000. Kila mmoja wa watu hao, Wahindi wa Kenya na wa Uganda, alikuwa faili. Lunar House ilikamilika mwaka 1970, faili hizo zilipoanza kurundikana.

Masjala na foleni

Anayekijua chumba cha masjala cha ofisi yoyote ya serikali ataelewa yaliyofuata. Faili huzaa faili. Ombi lina barua, barua ina majibu, majibu yana rufaa, na kila kimoja kinahitaji mkono wa kukishika na rafu ya kukiweka. Mwaka 1996 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Siemens kuleta mfumo wa kompyuta ambao ungeiondoa karatasi Croydon. Wafanyakazi wakapunguzwa kwa kutegemea mashine. Mashine ikachelewa. Kufikia 1999 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilikuwa inaandika ripoti juu ya mlundikano, na waombaji walikuwa wanapiga simu zisizopokewa. Julai 2006 waziri John Reid alikiri hadharani kwamba kulikuwa na faili za maombi ya hifadhi kati ya 400,000 na 450,000 ambazo hazijamalizwa. Faili moja huweza kubeba familia nzima. Nyuma ya tarakimu hiyo walikuwapo wanawake waliofikia umri wa kupita kuzaa wakisubiri kibali cha kuungana na waume zao, na vijana waliomaliza shule wasiweze kwenda chuo kwa sababu hawakuwa na hadhi ya kisheria.

Chini, barabarani, ilikuwapo foleni. Watu walifika kabla ya alfajiri ili wapate nafasi. Wellesley Road si mtaa wa kutembea. Ni barabara kuu ya miaka ya 1960 iliyoukata mji vipande viwili, na sehemu yake inazama chini ya ardhi ili magari yasisimame. Mnara mrefu nao una tabia ya kuushusha upepo: upepo ukigonga uso wake wa juu hauna pa kupita, hivyo huteremka ukutani hadi chini na kutokea kwenye miguu ya watu. Mama mwenye mtoto mgongoni alisimama mahali ambapo barabara na jengo vyote viwili vilikuwa vimechorwa bila kumfikiria.

Katikati ya miaka ya 2000 muungano wa raia wa kusini mwa London, uliokusanya makanisa, misikiti, shule na vyama vya wafanyakazi, uliamua kufanya uchunguzi wake wenyewe. Wanachama wake walisikiliza waombaji, wakasikiliza pia wafanyakazi wa ndani, kisha wakatoa ripoti. Madai yao hayakuwa ya siasa kubwa. Walitaka kivuli cha kuzuia mvua, vyoo, maji na lugha ya heshima dirishani. Mambo kadhaa yaliboreshwa. Nawaheshimu sana watu hao, maana wengi wao hawakuwa na ombi lolote katika jengo lile.

Kwa anayeomba hifadhi ya ukimbizi akiwa ameshaingia nchini, Croydon kwa kawaida ilikuwa hatua ya kwanza. Alipigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akaulizwa maswali ya mwanzo: jina, tarehe ya kuzaliwa, njia aliyopitia. Usaili mkubwa ulikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2000, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, wasio na pa kukaa walitawanywa kwenda miji mingine, Glasgow, Manchester, Leeds, Birmingham. Ndiyo maana leo unasikia Kiswahili kwenye mabasi ya Glasgow. Wengi wa waliotawanywa walianzia dirishani Croydon.

Wabajuni wanastahili kutajwa peke yao, kwa sababu kisa chao kinaihusu lugha hii tunayoiandika. Kwao ni pwani na visiwa vinavyoanzia kusini mwa Kisimayu hadi Pate na Lamu: Koyama, Chovai, Chula, Kiunga, Faza. Ni watu wamoja, wavuvi na wajenzi wa vyombo, waliokatwa na mpaka tangu Uingereza ilipoikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamgambo waliwanyang'anya mashua, nyumba na wake. Wengi walikimbilia Mombasa, wakakaa kambini miaka, kambi zikafungwa, wengine wakarudi visiwani kuteswa tena. Baadhi walifika Uingereza.

Huko walikutana na swali gumu: wewe ni Mbajuni wa Somalia, au ni Mbajuni wa Kenya anayejisingizia? Wa Somalia alistahili ulinzi. Wa Kenya angerudishwa. Sauti ya mwombaji ilirekodiwa kwa simu na kupelekwa kwa kampuni ya Uswidi iitwayo Sprakab, ambako mchambuzi asiyetajwa jina aliisikiliza na kuandika ni ya upande gani wa mpaka. Mwaka 2010 mahakama ya juu ya rufaa za uhamiaji, katika kesi ya mwombaji aliyesema ni Mbajuni, ilikubali kwamba ripoti za namna hiyo zipewe uzito mkubwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, katika kesi za Wasomali wawili wa jamii nyingine, iliweka mipaka: mchambuzi wa lugha abaki kwenye lugha, asijipe kazi ya kuamua kama mtu anaijua vizuri nchi yake au anaonekana mkweli, na kila ripoti ipimwe kwa ubora wake.

Msomaji wa pwani ataona mara moja tatizo liko wapi. Mtoto aliyezaliwa Chula akakimbizwa akiwa na miaka minne, akakulia kambini Mombasa, akacheza na watoto wa Kisauni na Likoni, ataongea vipi? Ataongea kama walivyoongea wenzake. Lugha hufuata mchezo na soko, haifuati cheti cha kuzaliwa. Kibajuni chenyewe kimekuwa kikisogea kwenye Kiswahili cha kawaida kwa vizazi viwili vitatu sasa. Mwanaisimu Derek Nurse, aliyeandika na Thomas Spear historia ya Waswahili mwaka 1985, amekusanya msamiati wa Kibajuni na maelezo ya visiwa vyake, na kazi hiyo inaonyesha jinsi wazee na vijana wanavyotofautiana. Kumpima kijana kwa Kibajuni cha babu yake ni kumwadhibu kwa sababu alikimbia akiwa mdogo. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo pia waliojisingizia, na kwamba afisa wa uhamiaji ana wajibu wa kuuliza. Lakini wajibu huo ulihitaji watu wanaoijua pwani, na pwani ilikuwa inapimwa Stockholm kwa ajili ya mnara wa Croydon.

Lipo na jingine lililotokea jirani. Aprili 2018 gazeti la The Guardian liliripoti kwamba kadi za kuwasili za maelfu ya watu waliokuja Uingereza kutoka makoloni katika miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa zimehifadhiwa katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo la ofisi la Whitgift Centre, umbali wa kutembea kidogo kutoka Lunar House, na ziliharibiwa mwaka 2010 jengo hilo lilipokuwa linaachwa. Wengi wa waliohusika walikuwa watu wa Karibea, wakaja wakaambiwa wathibitishe lini waliingia nchini walikofanya kazi maisha yao yote. Baadhi walinyimwa matibabu, baadhi walipoteza kazi, baadhi walifukuzwa nchini. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu mwishoni mwa mwezi huohuo. Kuhama ofisi ni jambo la kawaida kwa mpangaji yeyote. Anapohama hupunguza mizigo, na safari hiyo mizigo ilikuwa ushahidi wa maisha ya watu.

Ofisi zinapogeuka vyumba vya kulala

Croydon yenyewe haikupata ilichotarajia. Imeomba hadhi ya kuitwa jiji mara kadhaa, ikiwamo miaka ya 2000, 2002 na 2012, na kila mara imekataliwa. Kampuni zilizokuja kwa wingi ziliondoka zilipoona panapofaa zaidi. Nestlé ilihama mwaka 2012, mnara wake ukabaki mtupu katikati ya mji. Mei 2013 serikali iliruhusu majengo ya ofisi kugeuzwa makazi bila kibali kamili cha mipango miji, na wamiliki wa minara ya miaka ya 1960 wakachangamka. Matokeo yake yameonekana vibaya zaidi mji mwingine, Harlow huko Essex, ambako Terminus House, jengo la ofisi la ghorofa 14, lilikatwakatwa kuwa vyumba zaidi ya 200 na familia zisizo na makazi zikapelekwa humo kutoka London. Hadi mwaka 2020 sheria ya ugeuzaji huo haikudai hata mwanga wa jua ndani ya chumba. Vipimo vya chini vya ukubwa vilifuata Aprili 2021. Sakafu iliyopimwa kwa ajili ya meza za makarani ikawa nyumba ya watoto.

Minara mipya ya Croydon sasa inajengwa moja kwa moja kwa ajili ya wapangaji wa nyumba. Ten Degrees, yenye makazi 546 na kufika ghorofa 44, iliunganishwa kwa vyumba vilivyotengenezwa kiwandani Bedford na kuletwa kwa malori vikiwa vimekamilika. Ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha. Halmashauri iliyosimamia mabadiliko hayo ilitangaza Novemba 2020 kwamba haina fedha za kuendesha shughuli zake, na ule mradi mkubwa wa kulijenga upya eneo la Whitgift, ulioahidiwa tangu 2013, maduka yake mengi yamefungwa bila kujengwa kitu.

Ofisi zinazoendelea kuja ni za serikali. Mwaka 2017 mamlaka ya mapato ilifungua kituo kikubwa Ruskin Square, kando ya stesheni ya East Croydon, na Wizara ya Mambo ya Ndani nayo imechukua nafasi katika jengo jipya hapohapo. Michoro ya siku hizi ina vioo vingi, bustani kidogo na maegesho ya baiskeli. Kibali cha kukaa nacho kimehamia kwenye intaneti; anayekipata hupewa akaunti badala ya kadi, na mengi anayatimiza kwa simu yake ya mkononi. Anayekimbia vita bado lazima afike mwenyewe, atoe alama za vidole vyake, aseme jina lake. Wizara inapokaa na msanifu kupanga makao yake yajayo, ghorofa ya kwanza kuchorwa iwe ya chini, na mchoro wake uanzie kwenye mahali pa kukaa mama aliyefika saa kumi na moja alfajiri na mtoto, wakati mvua inanyesha.